Mkoromo Uliouza Magodoro

Wiki iliyopita nilikabidhi sindano zangu. Zilikuwa tatu, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, na moja imepinda kwa kosa langu mwenyewe. Daktari amesema mapafu yangu yamekula sufi ya kutosha, kwa hiyo nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao wengine ndio kwanza wanatafuta kazi ya kudumu. Nyinyi mliobaki pale Kariakoo mmeniomba niandike namna ya kupima mto na kushona kona ya godoro isifumuke. Nitaandika. Lakini kona ya godoro mtajifunza hata bila mimi. Kuna jambo jingine ambalo sitaki mjifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya aina ambayo mama aliyakunja na kuyaweka chini ya kitambaa cha meza. Mjomba akanipeleka kwa Fundi Mbwana, mtengeneza magodoro na mito ya sufi, aliyekuwa na karakana ya milango miwili hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu. Siku ya kwanza sikushika sindano. Nilipewa gunia la sufi kutoka Morogoro na kuambiwa nitoe mbegu. Nilichambua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sufi iliingia puani, masikioni, kwenye nyusi. Nilipokwenda kunywa maji dukani jirani, muuzaji alinitazama akasema, "Shikamoo babu." Fundi Mbwana alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa mtu wa Magomeni, mnene, shingo fupi, mcheshi, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Kwa mikono hiyo alishona godoro la watu wawili kwa siku moja, na ukilipitishia kiganja hukuona bonde. Aliniambia siri ya kushindilia sufi: usiijaze kwa ngumi, ijaze kwa subira. Ukipiga ngumi inafanya madonge, na mteja atalala kama yuko juu ya viazi. Mto aliupima kwa uzi. Mteja alisimama wima, uzi ukawekwa shingoni chini ya sikio, ukavutwa mpaka ncha ya bega. Hicho ndicho kimo cha mto wake. Mpaka leo sijaona kipimo kilicho bora.

Jambo nililolipenda zaidi ni maneno ya wateja. Watu humwambia fundi wa magodoro mambo wasiyomwambia sheikh wala daktari. Alikuja mwanamke aliyesema kila anapotaka kushikwa na usingizi anatumbukia kisimani, mguu unaruka, na mumewe ana alama ya buluu kwenye muundi. Alikuja karani wa bandari ambaye alisikia kifuniko cha sufuria kikigonga ndani ya kichwa chake, pa, kisha anabaki macho akitetemeka. Mzee mmoja alisema miguu yake inatembelewa na siafu wasioonekana. Mwingine aliamka akakuta mkono umelala naye, mzito, baridi, akapiga kelele kwamba kuna maiti kitandani. Na wengi sana walikabwa na jinamizi: macho yanaona chumba, masikio yanasikia jirani akikohoa, lakini kidole hakiinuki na kuna kitu kimekaa kifuani.

Fundi Mbwana aliwasikiliza wote, akaguna, akashika uzi wake na kupima. Kinamama wengine walileta asumini na mrehani tushone ndani ya mto. Tulishona. Waliorudi walisema wamepona, wasiorudi hatukuwauliza.

Kwa wanaokoroma alikuwa na dawa yake mwenyewe. Aliiita mto wa mkoromaji. Ulikuwa mnene kama ngazi ya msikitini, umeshindiliwa mpaka unalia. Hoja yake ilikuwa kwamba kichwa kikiwa juu, mkoromo unashuka. Mto huo uliuzwa sana. Mimi mwenyewe nimeshona mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ningependa nisikumbuke hata mmoja.

Sasa niwaeleze kuhusu usingizi wa mchana. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri mkewe, Bi Tatu, alimletea chakula, mara nyingi wali na samaki wa soko la Feri. Akila, Fundi Mbwana alijilaza kwenye godoro la maonyesho pale mlangoni, chali, kichwa juu ya mto wa mkoromaji. Hakuhesabu hata kumi. Mkoromo ulianza kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu, ukapanda, ukatikisa vioo vya duka la saa lililokuwa ng'ambo. Kisha ghafla ulikatika. Kimya. Tumbo lilipanda na kushuka lakini hakikutoka kitu. Halafu akashtuka mwili mzima, akavuta pumzi kama mtu aliyezama na kuibuka, na meza ikaanza kuburutwa upya.

Fundi mwenzetu Shomari, aliyenitangulia miaka mitano kazini na kwa ulimi miaka kumi, aligeuza jambo hilo kuwa tangazo. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Karibuni! Godoro linalomlaza fundi mwenyewe! Usiulize bei, sikiliza!" Wapita njia walisimama. Mkoromo ulipokatika, Shomari aliinua mkono juu kuwanyamazisha, na watu walingoja wameziba midomo. Fundi alipoibuka, waliangua kicheko na kupiga makofi.

"Anabadilisha gia huyo!" mmoja alisema.

"Hapo kaingia mlima Kitonga," akajibu mwingine.

Na walinunua. Siku hizo karakana nyingine zilikuwa na mabango, sisi tulikuwa na mkoromo. Mimi nilikuwa mhesabuji. Kila alipokatika nilihesabu kwa sauti, na siku moja nilifika thelathini na nne. Watu walishangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Fundi alipoamka nilimpa habari, akafurahi. Kwetu sisi usingizi ulikuwa bidhaa, na mtu anayelala haraka na kwa kelele alikuwa mtaalamu wa bidhaa yake. Hakuna aliyejiuliza anayekatika pumzi anakwenda wapi.

Miguu yangu haijawahi kukaa mahali pamoja. Baada ya miaka kadhaa niliaga. Nilishona mito Mchikichini kwa vitambaa vya mapazia ya mitumba, nikaenda Tanga, nikaenda Morogoro kufuata sufi mitini, nikakaa Lindi kwa sababu tu nilipenda upepo wake. Kila nilikofika nilifungua kinywa na kusema, "Fundi wangu wa Kariakoo hufanya hivi." Siku moja nilijisikia nikisema hivyo, nikafunga begi nikarudi.

Nilikuta magodoro ya sponji yamejaa kila kona. Karakana yetu ilikuwa na mlango mmoja badala ya miwili, na lile duka la saa sasa liliuza makava ya simu. Lakini mabadiliko yaliyonishtua hayakuwa hayo. Fundi Mbwana alikuwa amefungwa kitambaa kichwani asubuhi na mapema.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Chande. Umerudi, mguu wa kuku?" Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kupiga mbizi. "Kichwa hiki kila asubuhi kinapigwa nyundo. Ikifika saa nne kinaacha."

Shomari alinivuta pembeni, akaniambia mengine. Fundi alikuwa anasahau vipimo. Alikuwa anagomba, yeye ambaye zamani hata mteja mkorofi alimtania tu. Usiku aliamka kwenda haja ndogo mara nne, tano. Alisema kuna jinamizi lisilompanda kifuani kama la watu wengine, hili linamshika koo. Aliweka kisu chini ya mto, akaandikiwa kombe la aya akanywa, akahamisha kitanda ukuta mwingine. Bi Tatu naye alikuwa halali. Alikaa ameweka kiganja kwenye mbavu za mumewe, na kiganja kikikosa kusukumwa, anamtikisa.

Halafu likaja godoro la bibi harusi. Shangazi wawili walifika kulichukua, wamevaa sare za kitenge, guta la mizigo linangoja nje. Fundi alikuwa anamalizia upande wa mwisho, ameinama juu ya kazi. Tulipomwita hakujibu. Nilimgusa bega, akashtuka, akajaribu kusimama, na godoro likasimama naye. Alikuwa amesinzia huku mkono ukiendelea kushona, na mkono wa kanzu yake ulikuwa umeshonewa kwenye godoro kwa uzi wa katani, mishono kumi na miwili iliyonyooka kabisa.

"Haya!" akasema shangazi mkubwa. "Tumelipia godoro, tunapewa na bwana!"

"Dada, huyu mbona kachakaa?" akajibu mdogo wake. "Bibi harusi atamrudisha."

Tulicheka wote, Fundi pia. Mimi ndiye niliyekata mishono. Nilipofika wa mwisho niliona ncha ya sindano ilikuwa imepita kwenye ngozi ya mkono wake, chini kidogo ya kifundo. Damu ilikuwa imeanza kukauka. Sindano ya godoro ilimpenya, na hakuamka. Nilifunika jeraha kwa sufi, na kicheko kikaniishia.

Mwezi huohuo alikuja Sista Agripina kununua mto. Alikuwa nesi, mtu wa Songea, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Ilikuwa baada ya adhuhuri na Fundi alikuwa kwenye godoro la maonyesho. Shomari alishaanza tangazo lake. Mkoromo ulipokatika aliinua mkono kama kawaida, na watu wawili watatu wakatabasamu wakingoja. Sista Agripina hakutabasamu. Aliangalia saa yake ya mkononi. Kisha aliweka mkoba chini, akapiga magoti, akamgeuza Fundi ubavu kwa nguvu ambazo sikuzitegemea.

"Mnacheka nini?" alituuliza. "Huyu baba hapumui."

"Sista, ndivyo anavyolala," Shomari alisema. "Miaka yote."

"Basi miaka yote amekuwa hapumui."

Aliuliza mto ule mrefu ni wa nini. Nikamweleza kwa fahari. Alichukua kipande cha mpira wa maji kilichokuwa kimefungia gunia, akakinyoosha, akapuliza upande mmoja, hewa ikanipiga usoni. Halafu akakikunja katikati na kupuliza tena. Sikusikia kitu. "Hii ndiyo shingo yake mkimwekea hilo," alisema. "Koo lenyewe limeshakuwa jembamba, linalegea akilala, nyinyi mnalikunja. Ubongo unakosa hewa, unamwamsha kwa nguvu, analala, inakatika tena. Mara ngapi kwa usiku? Ndiyo maana anasinzia mchana. Moyo hauvumilii hivyo milele. Mpelekeni hospitali."

Hakununua mto.

Fundi alikuwa ameamka na amesikia maneno ya mwisho. Nilidhani atashukuru. Alikaa kitako, akavaa kofia yake polepole.

"Chande, kinyozi mwenye upara watu humcheka kidogo, wanaendelea kunyolewa. Fundi wa magodoro asiyejua kulala, nani atanunua kwake? Nikapange foleni hospitali niseme nini? Naumwa usingizi?"

"Useme unakatika pumzi, Fundi."

"Nimelala mbele ya Kariakoo nzima miaka ishirini. Kuna aliyenizika?"

Niliporudi kwenye kazi niliisukuma sindano kwa hasira, na hapo ndipo nilipoipinda ile ya tatu.

Kwa siku tatu nilizunguka na wazo ambalo nililionea aibu. Kwa desturi yetu mwanafunzi hamwonyeshi fundi wake kosa lake, hata mshono ukienda upande unaufumua akiwa ameondoka. Sasa nilitaka kumwonyesha usingizi wake, kitu ambacho mtu hana namna ya kukiona. Siku ya nne, alipojilaza, nilimwambia Shomari leo hakuna tangazo. Niliweka simu yangu karibu na kichwa chake, nikabonyeza kurekodi, nikaenda kuchambua sufi kwa muda wote aliolala.

Alasiri wateja walipopungua nilimwomba akae. Nilimpa simu, sauti ikiwa juu.

Mwanzoni alitabasamu. "Nani huyo? Trekta?"

"Ni wewe, Fundi."

"Acha utani wako." Aliendelea kusikiliza. Meza ikaburutwa, ikapanda, ikakatika. Simu ikabaki na kelele za mtaa tu: mtu wa kahawa na kashata akigonga vikombe, guta likiomba njia, mwanamke akimwita Asha. Fundi alitazama simu, akadhani imezimika. Aliigeuza. Namba zilikuwa zinaendelea kuhesabu.

"Mbona kanyamaza?"

Nikaona kifua chake kimesimama. Bila kujua, alikuwa ameshika pumzi akingoja pamoja na yule wa kwenye simu. Mshipa wa shingo ukamtoka, macho yakatoka, midomo ikabana, na bado simu ilikuwa na kelele za mtaa. Akashindwa. Aliachia pumzi kwa kishindo na kuvuta nyingine, mkono kifuani, na yule wa kwenye simu alikuwa hajavuta bado. Alipovuta hatimaye, mlio ule ambao watu waliupigia makofi, Fundi Mbwana aliiweka simu chini juu ya sufi kana kwamba ina moto.

Shomari aliyekuwa na neno kwa kila jambo alikuwa anaangalia ukuta.

"Tatu anaisikia hii kila usiku?"

"Kila usiku, Fundi."

"Na nyinyi mlikuwa mnaihesabu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu."

Aliinuka, akachukua kufuli kutoka kwenye msumari. "Fungeni. Twendeni huko kwa watu wa usingizi kabla sijapata akili ya kukataa."

Hospitali ilikuwa safari ndefu ya makaratasi ambayo sitawachosha nayo. Alilazwa usiku mmoja akiwa amebandikwa waya kichwani na kifuani, na asubuhi daktari alimwambia jina la ugonjwa na habari za mashine inayopuliza hewa puani ili koo lisifunge. Mashine ilichelewa. Wakati tunaingoja nilifanya kitu ambacho sista alinielekeza, nacho ndicho kitu bora nilichowahi kushona. Nilichukua fulana yake, nikashona mfuko mgongoni kati ya mabega, nikaujaza mbegu za sufi na kuukaza mpaka ukawa mgumu kama chungwa bichi. Kila alipojigeuza chali, chungwa lilimchoma, akarudi ubavu. Halikumponya, na kwa wengine halisaidii kitu. Lakini Bi Tatu alikuja karakana baada ya siku tano, akasimama mlangoni na hotipoti mkononi, akaniambia, "Chande mwanangu, jana nimelala mpaka adhana." Alilia kidogo, akafunua chakula.

Mashine ilipofika alilalamika kwamba anaonekana kama rubani. Baada ya wiki chache kitambaa cha kichwani kilipotea, utani ukarudi, na akanikosoa mshono ambao hakika ulikuwa mbaya. Umeme ukikatika Bi Tatu humvalisha ile fulana. Mto wa mkoromaji tuliacha kuuza siku ileile aliyotoka hospitali. Aliufumua wa maonyesho yeye mwenyewe, akatoa sufi yote, akashonea mito miwili ya kawaida. Wateja wa zamani walipita wakauliza, "Mzee halali siku hizi?" Shomari alijibu, "Analala. Ndiyo maana humsikii." Hakupiga tena tangazo, na ukweli ni kwamba tuliuza magodoro machache zaidi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, iwekeni pamoja na ile ya uzi. Mtu akija kutaka mto mrefu, muulizeni ni wa nani. Mkisikia anakoroma, ulizeni kama hunyamaza. Siku yangu ya mwisho kazini alikuja mwanamke wa makamo kutoka Ilala, anataka mto wa tatu kwa ajili ya mumewe. Nilikuwa nimeshakata kitambaa.

"Anakoroma?"

"Wee! Nyumba inahama."

"Halafu?"

"Halafu ananyamaza." Alishusha sauti. "Hapo ndipo mimi ninapoamka."

Niliweka mkasi chini. Nilimfundisha kurekodi kwa simu yake na nikamwambia mahali pa kwenda. Kitambaa kile kiko rafuni, kimekatwa upande mmoja. Msikimalizie.

Jana, kwa kuwa sina kazi na miguu yangu haijui kustaafu, nilitembea mpaka Magomeni. Bi Tatu alinipokea, akasema mzee amejilaza baada ya sala, niingie tu. Chumba kilikuwa na mwanga, pazia limefunguliwa. Alikuwa amelala ubavu na mpira wake puani, mashine inavuma kidogo kama paka. Mkoromo wowote hakuna. Miaka yote hii bado sijauzoea ukimya ule. Nilisimama, nikajizuia, nikashindwa, nikainama na kuweka kiganja taratibu kwenye mbavu zake.

Ziliinuka. Zikashuka. Nilianza kuhesabu bila kukusudia.

Fundi Mbwana hakufungua macho. Alisogeza mpira wake kidogo pembeni.

"Nipo, Chande," alisema. "Toa mkono, ukae."